Malukhu, Kijiji Kisicho na Mwanzilishi

Mtu yeyote wa Mbale, mashariki mwa Uganda, ukimwuliza mji wao ulianzishwa na nani, hatafuti jibu: Semei Kakungulu. Mwulize huyo huyo Malukhu ilianzishwa na nani, atakutazama kama uliyeuliza nani aliyeanzisha mvua. Malukhu ipo tu. Ni kata ya upande wa viwanda. Unashuka kwenye boda, unalipa, unaingia. Mimi ni mtu wa Bungoma, ng'ambo ya pili ya mlima Masaba, yaani Elgon, na kwetu mahali pasipotajwa babu aliyefyeka kichaka cha kwanza hapajahesabiwa kuwa mahali. Basi nilipokuwa Jinja kwa shughuli za ukoo, na jamaa mmoja wa Malukhu akanialika kwake, nilikwenda na swali hilo moja.

Nilikuwa nimefikia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa Jinja, na Walukuba haina fumbo. Serikali ya kikoloni iliujenga mtaa huo enzi za ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Umeme ungeleta viwanda, viwanda vingeleta watu, na watu wangehitaji pa kulala. Hesabu ilipigwa ofisini kabla tofali la kwanza halijawekwa. Viwanda vikaja kweli: cha nguo, na cha kuyeyusha shaba iliyosafirishwa kwa reli kutoka Kilembe, mwisho mwingine wa nchi. Nyumba zikapangwa kwa mistari, ndogo, zote sura moja. Aliyezichora alikuwa na mtu fulani kichwani: kijana wa kiume, mke amemwacha kijijini, afanye kazi miaka michache kisha arudi kwao akalime. Mwenyeji wangu, ambaye baba yake alihamia hapo akiwa kuli wa kiwanda, alizaliwa hapo, akaoa hapo, na wajukuu wake wanasoma hapo hapo. Ameongeza jiko nyuma, chumba ubavuni na kibanda cha mkaa mbele. "Walitupa chumba," aliniambia, "nyumba tumejiongezea wenyewe."

Asubuhi nikapanda taksi, yaani zile gari ndogo za abiria ambazo sisi Wakenya tunaziita matatu. Unapita Bugembe, kisha miwa ya Kakira inaandamana nawe hadi unaichoka. Iganga, mji uliokaa barabarani mzima mzima. Nakalama ndipo unapoiacha njia kuu ya Tororo na mpaka wa Kenya, ukakata kushoto kuelekea Namutumba na Tirinyi. Kabla njia hii haijawekwa lami, basi la Mbale lilizunguka Tororo, na mzigo mzito ulisubiri gari moshi la Soroti, kwa reli iliyotandazwa mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kitu cha kutazama kwenye barabara hii ni Mpologoma, mto usio na haraka, uliolala ndani ya kinamasi kipana. Zamani yalikuwa mafunjo. Siku hizi ni mpunga, vijaruba mpaka macho yaishie, na watoto wamesimama katikati wakifukuza ndege kwa kelele na kombeo. Nilimsikia mama mmoja kiti cha nyuma akilalamika kwamba mpunga umewala samaki. Alikuwa na haki yake. Kinamasi kikilimwa hakibaki kinamasi, na maji yaliyokuwa yakipumzika humo hutafuta pengine pa kwenda. Lakini mchele ule ndio unaolisha vinu vya mtaa wa Namatala, na vinu ndivyo vinavyolisha vibarua wengi wa ukingo wa Mbale.

Ukiikaribia Mbale kwa upande huu, mlima unaoona si Masaba yenyewe. Ni Wanale, ukuta wa mwamba ulioinama juu ya mji, na mvua ikinyesha hutoa maporomoko membamba meupe yanayoonekana kutoka kila kichochoro. Mtu wa Mbale hapotei mchana: anainua macho.

Habari ya Kakungulu inafaa kusimuliwa polepole, kwa sababu watu huikata nusu. Alikuwa jemadari wa Buganda, mwindaji wa tembo zamani, aliyeingia mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na askari wenye bunduki. Alijenga ngome baada ya ngome, akitumaini Waingereza watamfanya mfalme wa nchi aliyokuwa akiwatekea. Hawakumfanya. Mwaka 1902 walimtoa Budaka, wakamkatia maili 20 za mraba chini ya Wanale. Hapo ndipo alipohamia na wafuasi wake. Walilima migomba, wakapanda miti, wakanyoosha barabara, na wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi wakafuata. Waingereza walipokuja kukaa walikuta mji umekwisha kuwa mji, wakauchukua. Yeye wakampeleka Jinja. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1913 mwanzilishi wa Mbale alikuwa rais wa baraza la Busoga, siku kadhaa za mguu kutoka kwenye mji uliokuwa ukikua bila yeye. Aliporudi alikuwa mtu aliyekwisha kuvunjika moyo na serikali. Akaingia kwenye dini ya Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, kisha mwaka 1919 akatahiriwa na kuanzisha jamii ya Wayahudi ambao hadi leo wana sinagogi lao kwenye kilima cha Nabugoye. Alifariki mwaka 1928, akazikwa Gangama.

Nusu inayokatwa ni hii: zile maili 20 hazikuwa tupu. Palikuwa na Wagisu wenye migomba yao, makaburi yao na mipaka yao. Aliyetoa hakuwa mwenyewe, na aliyepewa hakuwauliza wenyewe. Kwa hiyo hata huyo mwanzilishi anayejulikana mimi namwona ni mwanzilishi wa barabara na soko. Mahali palikuwapo.

Na mji wenyewe ulichelewa kujua ni wa nani. Kwa miaka mingi Mbale ilikuwa makao ya wilaya mbili, Bugisu na Bukedi, kila moja ikidai mji ni wake. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba katiba ya uhuru ya mwaka 1962, baada ya kuzitaja falme na wilaya za Uganda moja moja, iliongeza kitu kimoja peke yake: Eneo la Mbale. Si wilaya, si ufalme. Baadaye Bukedi walihamishia makao yao Tororo na maneno yakapoa. Lakini ugomvi ule uliacha kitu kizuri kwenye kingo za mji. Mgisu, Mgwere, Mwiteso, Mpadhola, Mnyole, kila mmoja aliweza kupanga chumba akijiona yuko kwao, au walau hayuko kwa mwingine. Lugha yao sokoni ni mchanganyiko wenye Kiswahili ndani yake, kile cha Uganda kisichojali sana ngeli, na nilikifurahia kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya walimu wangu.

Malukhu mtu wa mbali huisikia kwanza kwa sababu ya gereza. "Amepelekwa Malukhu," husemwa, na hakuna anayedhani amekwenda kutembea. Ni jambo la kuwaudhi wakazi, na nilionywa nisianze mazungumzo kwa kulitaja. Baada ya gereza utatajiwa esteti, nyumba za mtindo ule ule wa Walukuba, zilizojengwa kwa ajili ya watumishi wa mji. Baada ya esteti, viwanda na maghala. Kijiji chenyewe, vile vyumba vilivyojaa kati ya vitu hivyo vitatu, hutajwa mwisho. Nacho ndicho nilichokuja kukiona.

Jamaa yetu alinipeleka kwa mzee mmoja, jirani yake, aliyekuwa amekaa chini ya mwembe akichambua maharagwe.

"Mulembe, papa," nikamsalimu.

"Mulembe, mwanangu. Wewe ni wa Bungoma, nasikia kwa sauti. Kaa."

Alikuja Mbale akiwa kijana, wakati wa uhuru, akapakia magunia ya kahawa na pamba kwenye mabehewa. Alipanga chumba na wenzake watatu, wakilala kwa zamu. Baadaye akapata kazi ya kiwandani. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, wenye kiwanda wakaondoka na mishahara ikawa ya kubahatisha. "Wenzangu wengi walirudi kwao. Mimi nilisema, nirudi nikalime nini? Shamba la baba tuko ndugu saba. Nikalima hapa." Hapa palikuwa na majani, mihogo ya watu na njia ya ng'ombe. Alipanda mahindi kwa ruhusa ya mzee wa ukoo mmoja wa Kigisu aliyemiliki pale kwa mila. Mavuno mawili baadaye akamwomba auziwe. Walikubaliana fedha kidogo na ndama mmoja. Mapatano yakaandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wakatia vidole wino, na mpakani wakachomeka vipande vya ule mti unaochipua hata ukiukata mara ngapi. Miti ipo hadi leo. Karatasi anayo, ameifunga ndani ya nailoni, ndani ya bati la biskuti.

"Kwa hiyo papa ndiye wa kwanza," nikasema.

Akacheka. "Wa kwanza ni yule aliyeniuzia. Naye alimkuta babu yake."

Takwimu za mji zinakubaliana na mzee. Sensa ya mwaka 1969 iliikuta Mbale na watu kama 23,500. Ile ya mwaka 1980 iliikuta na 28,000, yaani katika miaka yote ya Amin mji ulikuwa karibu umesimama. Ndiyo miaka ambayo wenye kazi walikuwa wakigeuka kuwa wenye mashamba pembezoni. Kisha mwaka 1991 wakawa karibu 54,000, na mwaka 2002 wakapita 71,000. Ukiwauliza wakazi vyumba vingi vilijengwa lini, jibu linaangukia humo humo, baada ya 1986, serikali mpya ilipoleta mabaraza ya wakazi yaliyokuja kuitwa LC. Ghafla kila kijiji kilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa na muhuri. Karatasi ya daftari ikigongwa muhuri inapata uzito mwingine. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zikaitambua milki ya kimila, na viwanja vikaanza kukatwa kwa kipimo ambacho kila Mganda wa leo anakijua kwa moyo: hamsini kwa mia, futi. Watoto wa yule mzee wa ukoo waliuza. Wajukuu wakauza kilichobaki.

Waliuza viwanja, njia hakuna aliyeiuza. Hilo ndilo lililonishughulisha Malukhu kuliko historia yote. Kila mnunuzi alilipia mpaka wa mwisho wa kiwanja chake, na kila muuzaji alikata hadi kwenye mpaka wa mwisho wa chake. Njia ya ng'ombe ikabaki kwa sababu ng'ombe walikuwa bado wanapita. Ng'ombe walipokwisha, mmoja akasogeza ukuta mkono mmoja, jirani naye akasogeza wake ili asionekane mjinga. Leo kuna mahali nilipita ubavu mbele.

Mama mmoja mwenye mizigo alinieleza athari zake vizuri kuliko mtaalamu. Mizigo, kwa Uganda, ni vyumba vya kupanga vya mtu mmoja mmoja, vimeunganishwa kwa safu, mlango mmoja na dirisha moja kila kimoja. Alianza na viwili vya matofali ya kuchoma baada ya kuuza nyanya miaka mingi. Sasa anavyo kumi. Wapangaji wake ni askari magereza, vijana wa boda, mwanafunzi wa chuo, na siku hizi wafanyakazi wa eneo jipya la viwanda la Wachina lililofunguliwa na Rais Museveni mwaka 2018. Kila chumba kina mita yake ya Yaka, ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kwa hiyo ugomvi wa umeme umekwisha. Maji ni ya bomba moja uani, kwa jerikani.

"Na choo, mayi?"

"Choo ni kile kile cha vyumba viwili."

Hakusema kwa aibu, alisema kama mtu anayetoa hesabu. Choo cha shimo kinajaa. Zamani kikijaa, unachimba kingine pembeni. Sasa pembeni ni chumba chenye mpangaji. Gari la kunyonya lipo mjini, na fedha ya kulilipa anayo, ila mpira wake haufiki kutoka pale gari linapoweza kusimama. Basi huja vijana wawili usiku na ndoo. "Kulipa nalipa mara mbili, na majirani wananinunia," alisema. Nilimwuliza kama angekubali kubomoa chumba kimoja ili gari lipite. Alinitazama kwa huruma. Chumba kimoja ni karo ya mtoto mmoja. Na akibomoa yeye, jirani asipobomoa, gari litafika wapi?

Tangu tarehe 1 Julai 2020 Mbale ni jiji, siku moja na Jinja na miji mingine mitano. Maana yake kwa Malukhu ni kwamba sheria zilizokuwa zikipita kando sasa zinabisha hodi. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la kupangwa, kwa hiyo hata mwenye kuongeza chumba cha kuku anatakiwa kuwa na ramani iliyoidhinishwa. Wakazi wanaijua sheria hiyo kwa namna moja tu: mtu anakuja na rangi nyekundu, anachora alama ukutani, anaondoka. Ramani inayokuja baada ya nyumba ni ramani ya kubomoa. Siwalaumu maofisa peke yao. Walirithi mji uliopangwa katikati ukaachwa pembeni ujipange. Lakini nikikumbuka Walukuba, ile mistari ya kikoloni iliyokusudiwa kuwabana watu, nalazimika kukubali kwamba iliacha nafasi ya gari kupita. Ni jambo la kukera, na ni kweli.

Maji nayo yalikuja kuuliza njia yake. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilishuka milimani, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavimba, na watu zaidi ya 20 wakafa Mbale na viunga vyake, baadhi yao wakiwa ndani ya gari lililosombwa. Mabomba ya maji yakakatika, na jiji lililozama likakaa siku kadhaa bila maji ya kunywa. Kila niliyezungumza naye alikuwa na usiku wake wa kusimulia. Yule mzee alisema kwamba maji yalipopanda, watu walitoka kwa kupitia vyumba vya wenzao, mlango huu hadi dirisha lile, kwa kuwa vichochoro vilikuwa vimegeuka mifereji. Baada ya hapo wenye nyumba kadhaa wa upande wa chini walikaa wakakubaliana kurudisha kuta nyuma, hatua mbili kila mmoja. Hakuna ofisi iliyowaamuru. Wakamwaga mchanga, wakaweka kalvati la pipa, na sasa kuna uchochoro mmoja ambao pikipiki mbili hupishana. Nilitembezwa humo kwa fahari, kama mgeni anavyoonyeshwa kanisa kuu. Mwenye duka la pembeni ameshaandika ubaoni kwamba yuko barabarani.

Hapo nikaacha kutafuta babu wa Malukhu. Ikiwa lazima pawe na mwanzilishi, mimi ningeandika majina ya wale waliorudisha kuta, kila mmoja akiwa amepoteza kibaraza au nusu ya jiko. Jamaa yangu hakukubaliana nami. Yeye anaona aliyenunua kiwanja cha kwanza kwa ndama ana haki zaidi, na kwamba sisi tunaokuja kwa matembezi tunapenda mno kuwapa watu utukufu wasiouomba.

Jioni alinipeleka kwenye kikao cha seli, yaani kijiji cha LC kinavyoitwa mjini, chini ya turubai, mbele ya nyumba ya mwenyekiti. Ajenda ilikuwa moja: wakazi wamekuwa wengi, mwenyekiti mmoja hawezi kuwajua wote wala kuwaandikia barua zao zote, kwa hiyo wapeleke ombi la kuigawa seli iwe mbili. Kugawa kulipita bila shida. Shida ilikuwa mstari upite wapi. Upande wa juu walitaka mpaka uwe kwenye mti wa zamani wa mzee. Upande wa chini walitaka uwe kwenye uchochoro mpya. Lakini uchochoro uwe ndani ya seli ya nani? Mwenye duka akasema wazi kwamba waliorudisha kuta ni wa chini, basi njia ni ya chini. Mama wa mizigo, ambaye yuko juu, akauliza kama gari la kunyonya likija litaomba kibali cha kuvuka mpaka. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Kisha likaja suala la jina. Seli mpya iitweje? Mmoja akapendekeza Kakungulu, akazomewa na wazee wawili kwa pamoja, kwa sababu zilizotofautiana. Mwingine akapendekeza jina la mbunge. Mzee wangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema waiite kwa jina la yule aliyemuuzia, na papo hapo kijana mmoja akasimama kusema kwamba huyo alikuwa babu yake, na kwamba ukoo una madai ya kipande ambacho hakikulipwa chote. Mwenyekiti akafunga daftari. Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili ya pili, baada ya ibada, na kila mwenye karatasi ya kiwanja akaombwa aje nayo.